Saumu ya Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alianza kusema ana saumu mwezi wa Rajabu, na mie nikamwamini. Kosa langu limeanzia hapo, na hapo ndipo nitakapoanzia.

Yeye ni bi mkubwa, mie ni bi mdogo. Mume wetu katangulia mbele ya haki siku nyingi, na alipokufa watu wa mtaa wetu wa Nguvumali walikaa wakingoja tugawane vyungu. Hatukugawana. Kila mtu na chumba chake, jiko moja, na ugomvi mmoja kwa wiki ili nyumba isipoe. Yeye kazaliwa Pemba, mie nimeletwa kutoka Moa. Nimesoma darasa la tatu na chuo cha Kurani, basi. Lakini sijasahau jina la mtu hata mmoja: watoto wake saba ninawajua kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na wakunga waliowapokea, mpaka mama mmoja aliyetufungulia mlango hospitali, nilimwuliza jina lake na ninalo. Humu sitaliandika hata moja. Nitasema habari za kinywa cha mtu, na kinywa cha mtu ni sitara yake.

Kuna jambo la zamani lazima nilitangulize. Ramadhani yangu ya kwanza katika nyumba hii nilikuwa bado bi harusi mpya, na mimba changa tumboni ambayo sijamwambia mtu. Mchana mmoja njaa ilinishika hata nikaona nyota. Nikajificha nyuma ya jiko na kiporo cha muhogo wa nazi, nikala kwa mkono, upesi upesi. Kugeuka, bi mkubwa kasimama na ndoo ya maji.

"Kobe!" akasema.

Ndivyo tunavyomwita mtu anayekula Ramadhani mchana kwa kujificha. Nilidhani nimekwisha, usiku huohuo mume ataambiwa. Hakumwambia. Hakumwambia mpaka tukamzika. Ila miaka yote hiyo, akitaka kunikomesha mbele ya watu, alikuwa hasemi neno. Anavuta shingo tu, anaizamisha mabegani kama kobe anayeingia gambani, ananitazama. Mie nacheka, wageni hawajui tunacheka nini.

Huyo ndiye mtu aliyeugua.

Ugonjwa ulianza mkono wa kulia. Kidole gumba na kidole cha shahada vikawa vinasuguana vyenyewe kutwa, kama mtu anayevuta tasbihi, na tasbihi hana. Wageni wakija wanasema, "Mashaallah, bi mkubwa havunji uradi." Mie najua hakuwa mtu wa nyiradi, alikuwa mtu wa tambuu na maneno. Halafu uso ukakauka, ukawa haucheki wala haununi. Hatua zikawa fupi fupi. Sauti ikashuka mpaka umwinamie. Mate yakawa yanamtoka pembeni, na mwisho akili nayo ikaanza kuondoka, leo chumba hiki, kesho kile. Daktari wa hospitali alisema ni ugonjwa wa ubongo, wa kutetemeka na kukakamaa, akaandika vidonge vya mara tatu kwa siku. Nikamwuliza utapona lini. Akasema, "Bibi, huu hauponi. Tunaushika shati tu usikimbie sana."

Basi Rajabu ile nikamwekea chai ya maziwa na kipande cha mkate wa kumimina, kama kila asubuhi. Akabana midomo.

"Kula, bi mkubwa."

"Nina saumu."

"Saumu ya nini wewe, na umri huo?"

"Ya kulipa."

Rajabu na Shaabani ndiyo miezi yetu wanawake ya kulipa siku tulizokula kwa ajili ya hedhi na uzazi, kabla Ramadhani nyingine haijatukuta. Huyu kazaa mara saba. Nani anajua mwenziwe kabakiza siku ngapi? Na kumvunjia mtu saumu yake, mie nimefundishwa, ni jambo zito. Nikaondoa kikombe. Nasema kweli, nilimwonea na kijicho: mwenzangu kasahau kila kitu lakini hakusahau siku za Mungu, na mie mzima nimekaa tu.

Kesho yake, "Nina saumu." Keshokutwa, "Nina saumu." Vidonge vya mchana nikavihamisha, nikavigawa magharibi na daku.

Na mswaki. Kabla ya hapo nilikuwa nampiga mswaki mwenyewe asubuhi na jioni, kwa kuwa mkono wake ulikuwa unachoma ufizi badala ya kusugua. Sasa sie tuliofundishwa chuoni zamani tunajua: mfungaji ikishapita adhuhuri hapigi mswaki. Kwa hiyo mswaki wa jioni nikauacha. Wa asubuhi akawa anabana midomo na kugeuza uso, nikasema haya, huenda anaogopa maji yasimpite kooni saumu ikaharibika. Nikauacha nao.

Magharibi akawa hafungui kinywa kwa wali, wala samaki, wala mchuzi. Anafungua kwa tende tu. Basi nikawa namchambulia tende, nazitoa kokwa, nazilainisha kwa samli, naweka moja moja ulimini. Anatulia nayo. Naona mdomo umetulia, nasema kameza. Naweka nyingine.

Kinywa kikaanza kunuka. Na hilo nalo tulikuwa na jawabu lake tayari! Harufu ya kinywa cha mfungaji si ya kuchukiwa, tumeambiwa hivyo tangu wadogo. Nilikuwa nainama kumsikiliza, harufu inanipiga usoni kama ya panya aliyefia darini, na mie nasema moyoni, hii ni harufu ya ibada.

Miezi miwili hiyo. Majirani walikuja kumtazama kama wanaomzuru walii. Mmoja akaomba ashikwe kichwa na ule mkono unaotetemeka, apate baraka. Mie nimekaa pembeni, najivuna. Bi mkubwa alikuwa anakonda mpaka bangili zikawa zinafika kwenye kiwiko. Alasiri alikuwa anajipiga shavu kwa kiganja, pa, pa, pa, na kulia bila machozi. Nikamwuliza, "Una nini?" Akanijibu lile neno lake.

Shaabani ilipokuwa inakwisha binti yake alikuja kutoka Pangani na ng'onda, samaki wakavu wa Ramadhani. Ni mwanamke mtu mzima, anauza samaki, sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. Siku ile alisimama mlangoni mwa chumba, akaacha kikapu kianguke.

"Mama mdogo, huyu mamangu au kivuli chake?"

"Anafunga," nikasema.

"Anafunga nini?"

"Analipa siku zake."

"Mama mdogo." Akanigeukia. "Mtu hajui jina langu mie, atajua siku zake?"

Naapa, miezi miwili swali hilo halikunipitia kichwani.

Akazidi kunishindilia. "Nikimzika mamangu kwa njaa, ndani ya nyumba ya mke mwenziwe, watu nitawaambia nini? Watasema uke wenza haukwisha. Na mie nitawajibu nini?"

"Sema unavyotaka," nikamwambia, "lakini mie simnyimi."

Akakaa kitandani, akamshika mamake shavu ambusu. Bi mkubwa akapiga ukelele ambao sikujua kama bado anao, na kwa mkono uleule wa uradi akamzaba mwanawe kofi. Tukatazamana. Shavu lile, chini, karibu na taya, lilikuwa gumu na lina moto. Mie nilikuwa nimelisingizia uvimbe wa kulalia upande mmoja.

Tukampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Njia nzima binti alimshikilia mamake kichwa kisigonge.

Daktari wa meno alikuwa msichana tu, umri wa wajukuu zangu. Akatupa shikamoo sote watatu, na ya bi mkubwa akaisubiri ijibiwe. Haikujibiwa. Hakumlaza kwenye kile kiti chao. Akasema, "Huyu nikimlaza, maji na mate yatamwingia mapafuni. Bibi, simama nyuma yake, mlaze kichwa kifuani mwako." Nikafanya hivyo. Akavifunga vijiti kadhaa vya mbao pamoja kwa bandeji, akamchezea mdomo kwa kidole mpaka ukaachia kidogo, akavipenyeza katikati ya magego ili asing'atwe. Akang'atwa hata hivyo, kabla ya vijiti kuingia. Hakumgombeza.

Akaangaza taa. Kisha akachukua kibanio, akakitia kati ya shavu na ufizi, akavuta kitu. Kilikuwa cheusi, laini, kinavutika nyuzi. Akakiweka kwenye kisahani cha chuma. Akavuta kingine.

"Hiki nini?" binti akauliza.

Mie nilikijua. Ile samli yangu bado ilikuwa inang'aa juu yake.

"Tende," nikasema.

"Ya leo?"

"Ya jana magharibi." Halafu nikasema, maana niliona haya ya kusema uongo kuliko haya ya kusema kweli, "Nyingine sijui ya lini."

Daktari akanieleza taratibu, na maneno yake ninayo yote. Ugonjwa huu ukishakakamaza uso, unakakamaza na ulimi. Ulimi hausukumi tena chakula, shavu halirudishi. Mtu anaweka tonge, linabaki pale mpaka asubuhi, na mwenyewe hana habari. Tende ni sukari tupu. Magego matatu ya chini yalikuwa yameoza hadi mizizini, chini yake kumekusanya usaha.

"Anaumwa muda mrefu?" nikamwuliza.

"Kwa ninavyoona, miezi."

"Mbona hakusema?"

"Pengine alisema, bibi. Hawa maneno huwapotea. Huokota moja linalowafaa, hulishika hilohilo."

Nikakaa chini. Kulikuwa na kiti, lakini nilikaa sakafuni. Miezi miwili mtu ananiambia, kila asubuhi, kwa neno moja tu ambalo katika nyumba yetu hakuna awezaye kulibishia, kwamba asiguswe kinywa. Na mie namwitikia, "Mungu akutakabalie."

"Na dawa ya kutetemeka anakunywa saa ngapi?" daktari akauliza.

Binti akanitazama. Nikajibu nikitazama vigae: "Magharibi na daku."

Daktari aliandika kitu. Hakuniambia neno baya, na heri angeniambia.

Tulipewa dawa ya usaha ya kusagia kwenye maji, na tukaambiwa turudi baada ya siku tano, asubuhi, saa moja baada ya kidonge, maana ndipo mwili unapolegea na taya inapotulia. Siku hiyo nilimshika tena kichwa kifuani. Walimchoma sindano ya ganzi. Magego yakatoka matatu, moja likakatikia ndani ikabidi kuchimba, na kila alipojaribu kumeza daktari aliacha kazi, akanyonya mate na damu kwa mrija, akangoja. Miguu yake ilinipiga. Nilikuwa namwambia sikioni majina ya wanawe saba, mmoja mmoja, kisha naanza tena, maana sikuwa na dua iliyokaa kichwani.

Nikafundishwa na kupiga mswaki upya, mie mwenye mapengo. Kaa nyuma yake, sio mbele. Dawa ya mswaki chembe tu, isitoe povu likampalia. Mpini uuzungushie kitambaa uwe mnene, mpe yeye aushike, na mkono wako uwe juu ya wake. Kila baada ya kula, kidole chenye kitambaa safi kizunguke mashavuni kutoa kilichobaki. Nilichana kanga yangu nikafanya mpini. Na nikamwuliza yule daktari swali la mwisho: sasa atakula?

"Jino halitamuuma," akasema. "Lakini bibi, ugonjwa wenyewe unakwenda mbele. Leo kusukutua kumempotea. Kumeza kutafuata. Mpe sasa, wakati bado anaweza."

Siku nne alikula. Uji mzito, ndizi zilizopondwa, samaki aliyechambuliwa na kusagwa na wali bokoboko. Mchana kidonge, chakula, kidole, mswaki. Binti akarudi Pangani, na mlangoni akaniambia, "Mama mdogo, nilisema vibaya." Nikamwambia hukusema vibaya.

Kisha mwezi ukaandama.

Sijui alisikia wapi. Labda ni kuadhini, labda watoto nje walivyopiga makopo, labda jiko lilivyonyamaza asubuhi. Siku ya pili ya Ramadhani nikamletea uji, akabana midomo.

"Nina saumu."

Nikaingiza kidole chenye kitambaa. Ufizi umefunga, hakuna moto, hakuna usaha. Nikaubonyeza, hakushtuka. Maumivu yalikuwa yamekwenda, neno limebaki.

Nikambembeleza, nikamgombeza. Nikamwita sheikh wa mtaani, mzee mwenye subira, akakaa mbele yake akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa kama yeye hana saumu juu yake, akili ikiondoka na hesabu imeondoka. Bi mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa ile sauti yake ya unyoya, "Na wewe umeacha?"

Sheikh akacheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba. Mie sikucheka. Ilikuwa siku ya tatu hajala, kidonge hakijapita, na mwili umerudi kuwa mgumu kama ubao. Magharibi, saa ya kula, anakuwa kachoka, tonge linakaa ulimini linampalia, anakohoa mpaka anageuka rangi. Nikawaza: nimeng'oa meno ya mtu bure. Nitamzika na kinywa safi.

Siku ya tano ilipopita adhuhuri nilikaa mbele yake na bakuli. Nje watu wamefunga, mtaa kimya. Mie mwenyewe nimefunga, na tangu ule muhogo wa nazi sijala mchana wa Ramadhani bila udhuru. Wanangu walishaniambia niache, umri umekwenda, nikawafukuza.

Nikachukua kijiko nikala.

Uji ulikuwa na nazi na hiliki, mtamu, na mie nalia. Nikala cha pili, mbele ya macho yake, nisijifiche.

Macho yake yakanifuata. Mkono wa uradi ukasimama. Nikaona mabega yake, yale mabega yaliyokakamaa ambayo hayainuki hata kumvalisha gauni, yanapanda kidogo kidogo. Shingo ikazama.

"Kobe," akasema.

"Mie kobe," nikamjibu. "Na wewe je? Njoo tule, nani atatuona?"

Kinywa kikafunguka. Sijui alicheka au alitaka kunitukana zaidi. Nikatia kijiko. Nikamtazama koo mpaka likapanda na kushuka, nikatia kingine. Vijiko saba, halafu kidonge.

Tangu siku ile nimefanya hivyo kila mchana. Nakula mimi kwanza, ananiita kobe, anakula. Juzi mwanawe wa Pangani aliingia bila hodi, saa nane mchana, akanikuta na uji mdomoni. Akaniangalia, akamwangalia mamake mwenye tonge shavuni. Alitembea mpaka dirishani, akafunga, akasimama ameegemea pale mpaka tulipomaliza, kisha akanipa kitambaa cha kidole.

Leo ni Ramadhani ishirini na tatu. Jana neno halikutoka, ilikuwa shingo tu. Nikala vijiko vitatu kabla hajafungua, akachukua vinne, viwili vikarudi. Leo asubuhi nimempiga mswaki, mkono wangu juu ya wake, ufizi msafi, mwekundu kama wa mtoto. Saa nane nimekaa na bakuli. Nimekula cha kwanza. Nimekula cha pili. Nimevuta shingo mimi mwenyewe, nimeizamisha mabegani, mzee mzima, ninamfanyia kobe.

Ananitazama. Uji unapoa. Nimechota cha tatu.